UZI MAALUMU: Chakula na utamaduni wa Asia ukiwa Ujerumani – maduka, majina ya kwenye lebo, jiko, mizigo na sherehe

#1 Mchaichai

Wakuu salaam. Swali la "duka la Kiasia liko wapi?" linarudi kila mara, na jibu huwa jina la duka moja la karibu na stesheni. Mtu anaenda, anakuta tambi za paketi na sosi ya soya, anaondoka akiamini mji wake hauna kitu. Hakuna duka linalouza Asia nzima. La Mvietinamu lina mboga za majani na viungo vya supu. La Mtamil lina uwatu, mlonge na unga wa dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu). La Mwafghani lina basmati ya magunia na mikate ya tanuri. La Mjapani lina miso (rojo la soya iliyochachuliwa) na mwani. Kwa hiyo anza na swali jingine: Waasia gani walihamia mji huu, na kwa nini?

Miji ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki (Berlin ya mashariki, Leipzig, Dresden, Chemnitz, Rostock) ni ya Wavietinamu. Walikuja kwa mkataba wa kazi wa 1980 kati ya serikali mbili, na ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989 walikuwa kama 60,000. Viwanda vilipofungwa wengi waliingia biashara ya maua, mboga na vyakula. Ndiyo maana hata mji mdogo wa huko unaweza kuwa na *Asia-Laden* (duka la Kiasia). Soko lao kubwa ni Dong Xuan Center, Herzbergstraße, Berlin-Lichtenberg. Ni mabanda marefu ya jumla na rejareja, na hufungwa Jumanne, siyo Jumapili. Hilo ni muhimu, kwa sababu Jumapili maduka karibu yote Ujerumani yamefungwa kisheria.

Düsseldorf ni ya Wajapani. Kampuni zao zilianza kuweka ofisi pale miaka ya 1950, familia zikafuata. Toka stesheni kuu, ingia Immermannstraße, utakuta maduka ya vyakula, vitabu na mikate ya Kijapani ndani ya mwendo wa dakika chache.

Bonde la Ruhr lina Wakorea (mkataba wa wachimba makaa ulianza 1963, wauguzi wakafuata) na Watamil wa Sri Lanka waliokimbia vita baada ya 1983. Hamburg, mtaa wa Steindamm, ni Waafghani, Wairani na Waturuki. Frankfurt, Münchener Straße, ni Wahindi, Wapakistani na Waturuki, tena ni hatua chache kutoka stesheni kuu.

Karibuni mjazie.

#2 BibiKarafuu

Asante mkuu Mchaichai. Mimi niongezee majina, kwa sababu wengi wanakosea mbele ya rafu, siyo mlangoni.

*Kreuzkümmel* ndiyo bizari ya pilau, yaani binzari nyembamba. *Kümmel* peke yake ni mbegu nyingine kabisa, Wajerumani wanaitia kwenye mkate na kabichi. Mbegu zinafanana kwa umbo, lakini pilau yenye *Kümmel* haiponi. Harufu yake hufunika iliki na karafuu. *Schwarzkümmel* ni ya tatu, hiyo ni habasoda.

*Kurkuma* ni manjano, *Bockshornklee* ni uwatu, *Nelken* ni karafuu, *Zitronengras* ni mchaichai, *Sternanis* ni ile nyota ya pho, supu ya tambi ya Wavietinamu. *Piment* siyo pilipili, ingawa jina linadanganya. Ni punje za kahawia zenye harufu ya karafuu. Pilipili mbichi wao huiita *Peperoni* au *Chili*. Na *Curry* ya kopo la supamaketi ni unga wa manjano uliochanganywa kwa ulimi wa Kijerumani. Usipikie mchuzi wa Kihindi. Nunua mbegu nzima, kaanga kavu dakika mbili, saga.

Viungo vya supamaketi vinauzwa kwenye vichupa vya gramu 30 hadi 50. Duka la Kihindi au la Kituruki linauza pakiti za gramu 100 hadi 400 na bei kwa gramu ni ndogo mno. Tena mzigo wao unatoka haraka, kwa hiyo bizari haijakaa kwenye rafu mpaka ikanuka vumbi.

Sosi ya soya: *hell* ni nyepesi na ndiyo yenye chumvi, *dunkel* ni nzito, ya kutia rangi. Ukimimina ya *dunkel* kwa kipimo cha ile nyepesi, chakula kinakuwa cheusi na kichungu-tamu, na huwezi kukirudisha.

#3 MgeniJena

Shukrani dada BibiKarafuu. Naomba kuuliza kuhusu tui. Makopo ni mengi na ladha haifanani. Mengine ni kama maji.

#4 NaziMbili

Mkuu, kwenye tui soma vitu viwili: mafuta na orodha ya viambato. Picha ya nazi kwenye kopo isikushughulishe.

Mafuta yameandikwa *Fett* kwa gramu 100. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maziwa ya nazi yawe na mafuta angalau asilimia 10, krimu angalau 20, na ile ya "light" angalau 5. Kopo zuri la *Kokosmilch* lina 17 hadi 20; hilo ndilo tui zito letu. *Kokosdrink* ya boksi ni kinywaji cha kuchanganya na kahawa, mafuta yake ni gramu 1 au 2. Ukilipikia samaki wa kupaka utapata maji meupe.

Viambato: tafuta *Kokosnussextrakt* asilimia 60 na kuendelea, na maji, basi. Ukiona *Emulgator* au *Stabilisator*, tui hilo limefungwa lisijitenge. Kwa wali wa nazi halina ubaya. Kwa kari ya Kithai lina ubaya, kwa sababu kule unaanza kwa kuchemsha sehemu nzito mpaka mafuta yatoke juu, ndipo unakaanga kiungo cha kari ndani ya mafuta hayo. Tui lenye emulsifaya haliachii mafuta, na kari inabaki na ladha mbichi ya kitunguu saumu. Likikushinda, kaanga kiungo kwa vijiko viwili vya mafuta ya kawaida, kisha mimina tui.

Kopo usilitikise. Liweke friji usiku kucha, fungua, teka sehemu ngumu ya juu: hiyo ni tui zito. Maji ya chini ni tui jepesi. Wali: basmati gramu 500 iliyooshwa, kopo moja la ml 400, maji ml 350, chumvi kijiko kimoja cha chai.

Anayetaka ladha karibu na ya kukuna, kwenye friza za duka la Kiasia kuna nazi iliyokunwa ya pakiti za gramu 400. Iyeyushe, mimina maji ya moto ml 300 (yasichemke, nyuzi 60 hadi 70), saga kwenye blenda dakika moja, kamua kwa kitambaa. Rudia kwa ml 400, hilo ni la pili. Tumia siku hiyohiyo. Ukililaza hata kwenye friji, kesho linaanza kuchacha.

#5 Kisimani

Kwenye friza hizohizo angalieni pia mihogo iliyomenywa (*Maniok*), bamia, majimbi, majani ya mgomba, majani ya kari (curry leaves za Kihindi, lebo husema *Curryblätter*) na mlonge. Na mboga za majani za Wavietinamu ni za kwetu kwa majina mengine: *rau dền* ni mchicha, *rau lang* ni matembele. *Molokhia* ya maduka ya Waarabu ni mlenda.

Mboga mbichi huja kwa ndege siku maalumu za wiki. Muulize mwenye duka siku ya mzigo, nenda siku hiyo jioni au kesho yake. Ukienda siku moja kabla ya mzigo utakuta majani ya njano na kudhani duka ni baya.

#6 Mama_Idris

Kwa Waislamu wenzangu, yafuatayo hayaonekani kwa macho. *Mirin* (mvinyo mtamu wa mchele) na *Kochwein* (mvinyo wa kupikia) zina kileo. *Schweineschmalz* ni mafuta ya nguruwe, yapo kwenye baadhi ya maandazi ya Kichina na kiungo cha tambi za paketi. *Speisegelatine* (jelatini) bila maelezo ya mnyama iliyotokana naye, iache. *Branntweinessig* inatisha kwa jina lakini ni siki tu, iliyochachuliwa kutokana na spiriti. Tambi za paketi zenye alama ya halali kutoka Indonesia na Malaysia zinapatikana karibu kila duka la Kiasia.

Bidhaa za nje lazima ziwe na maelezo ya Kijerumani, kwa hiyo tafuta stika nyeupe nyuma ya pakiti. Vizio 14 ambavyo sheria ya Ulaya inavitaja (karanga, ufuta, soya, kamba na vinginevyo) huandikwa kwa herufi nzito au kubwa.

#7 Mchaichai

Dada Mama_Idris, umenikumbusha tarehe. *Mindestens haltbar bis* ni ubora, mchele au tambi zikipita wiki chache bado ni chakula. *Zu verbrauchen bis* ni usalama, ikipita, tupa. Bidhaa za China na Japani huandika mwaka, mwezi, siku. Ukikuta pakiti ya Thailand yenye mwaka 2569, hiyo ni kalenda yao ya Kibudha. Toa 543 upate 2026. Bidhaa zinazorudishwa kwa ajili ya usalama zinatangazwa na serikali kwenye lebensmittelwarnung.de, na vyakula vya Asia hutajwa humo mara kwa mara. Mwani wa *kombu* tumia kidogo, una madini joto mengi kupita kiasi, na mwani wa *hijiki* uache kabisa kwa sababu ya aseniki.

#8 FundiKarai

Tuongee jiko. Nyumba nyingi za kupanga zina jiko la kioo (*Ceran*) au la induksheni. Karai la mviringo halina kazi hapo: linagusa kioo kwa eneo dogo, linayumba, na la induksheni halipati moto kabisa. Nunua karai la chuma cha kaboni lenye kitako bapa, kipenyo sentimita 30 hadi 32, na kitako kisizidi duara kubwa la jiko, ambalo kwa kawaida ni sentimita 21.

Duara hilo lina kama kilowati 2, wakati jiko la gesi la mgahawa lina nguvu mara nyingi zaidi. Kwa hiyo punguza chakula, usiongeze muda. Pasha karai tupu dakika 3 hadi 4, tia mafuta, kaanga gramu 200 tu kwa mkupuo, toa, pasha tena, tia mkupuo wa pili, mwisho changanya vyote na sosi. Ukijaza gramu 600 mara moja, mboga zinatoa maji, joto linaanguka, na chakula kinachemka badala ya kukaangika. Wali wa kukaanga uwe umelala friji usiku mmoja. Tambi zichemshwe, zioshwe kwa maji baridi, zipakwe mafuta kidogo.

Usiingize jiko la mtungi wa gesi ndani ya nyumba ya kupanga. Hatari ni kubwa, na mikataba huwa inakataza.

Jiko la wali la umeme: lililonunuliwa Dar au Nairobi linafanya kazi kwa adapta tu, volti zinakaribiana. La Japani ni la volti 100, ukilichomeka kwenye 230 linaungua papo hapo.

#9 Kabichi_Essen

Niingie na kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachuliwa kwa pilipili), kwa sababu Ujerumani ni mahali pazuri sana kuipika. Kabichi yenyewe, *Chinakohl*, iko kila supamaketi na majira ya baridi ni rahisi. Figili nyeupe, *Rettich*, iko pia. Cha kununua kwa Mkorea ni unga wa pilipili *gochugaru* tu. Usiubadilishe na pilipili ya unga ya kawaida; gramu 100 za hiyo haziliki.

Kabichi kilo 2, igawe vipande vinne kwa urefu, loweka majini, nyunyiza chumvi ya mawe gramu 180 kati ya majani, zaidi kwenye mashina. Saa 4 hadi 6, ukigeuza kila saa. Dalili ya kuiva: shina linapinda bila kuvunjika. Osha mara tatu, chuja saa nzima. Uji: unga wa mchele wa kunata vijiko viwili vikubwa, maji ml 300, chemsha, poza kabisa. Changanya na *gochugaru* gramu 100, kitunguu saumu gramu 60, tangawizi 15, mchuzi wa samaki ml 70, figili gramu 300 iliyokatwa vijiti na vitunguu vya majani. Paka kila jani. Shindilia kwenye chupa pana, acha sentimita 4 juu, weka sahani chini yake.

Siku 1 hadi 2 kwenye nyuzi 18 hadi 20, kisha friji. Kila siku fungua, bonyeza hewa itoke. Chupa iliyojazwa hadi mdomoni na kukazwa hupasuka au humwaga.

#10 BibiKarafuu

Kwa nini chumvi ya mawe, mkuu? Ya mezani si chumvi ileile?

#11 Kabichi_Essen

Ni ileile, dada, lakini punje laini huyeyuka na kuingia haraka. Majani yanakuwa ya chumvi kali wakati shina bado gumu. Mwenye chumvi laini tu apunguze hadi gramu 120 na aangalie kila nusu saa.

#12 Idli_Stuttgart

Kwa wapenzi wa dosa na idli (vitumbua vya mvuke), kinachoshinda watu ni baridi. Nyumba nyingi hupunguza hita usiku, jikoni joto linashuka hadi nyuzi 18, unga hauumuki. Vikombe 3 vya mchele, kimoja cha urad (dengu nyeusi za Kihindi), kijiko cha chai cha uwatu, loweka saa 6, saga, kisha weka ndani ya oveni iliyozimwa ila taa yake iwashwe. Joto linakuja karibu nyuzi 28. Subiri saa 12 hadi 16, na chombo kiwe na nafasi ya kupanda mara mbili. Sagia mchana: baada ya saa 4 usiku ni muda wa utulivu, na jirani ana haki ya kulalamika.

Maji pia. Juu ya nyuzi 14 za kipimo cha Kijerumani (°dH) yanahesabiwa magumu, na kampuni ya maji ya mji hutangaza kipimo. Dengu na choroko kwenye maji magumu huchelewa kuiva. Tia robo kijiko cha chai cha *Natron* (bicarbonate, soda ya kupikia) kwenye maji ya kulowekea, kisha yamwage. Kwa chai ya kijani na supu ya mwani tumia maji ya chujio.

#13 MgeniJena

Na kubeba kutoka nyumbani au kutoka Asia inaruhusiwa kiasi gani?

#14 Mizigo_FRA

Sheria ni ya Umoja wa Ulaya nzima. Nyama na maziwa, pamoja na soseji na jibini, haviruhusiwi hata gramu moja kutoka Afrika Mashariki au Asia. Kipande cha nyama iliyokaushwa ndani ya sambusa nacho ni nyama. Samaki ni hadi kilo 20 kwa mtu, na dagaa wakavu wanaingia humo. Asali na mayai, kilo 2.

Matunda, mboga na majani mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa aina tano: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Maembe, ndimu na *Curryblätter* mbichi bila cheti vinachukuliwa. Viungo vikavu vya kupikia havina shida. Kwa ndege, thamani ya jumla isizidi euro 430. Ukiwa na shaka, pita mlango mwekundu wa forodha utangaze. Kitu kikichukuliwa baada ya kutangaza ni hasara ya kitu tu, ukikamatwa kwenye mlango wa kijani kuna faini.

Kuagiza kwa posta: tangu Julai 2021 kila kifurushi kutoka nje ya Umoja kinatozwa kodi ya mauzo hata kiwe cha thamani ndogo. Nafuu ni zawadi kati ya watu binafsi hadi euro 45.

#15 Msoma_Kantstraße

Uzi unasema pia utamaduni, tusiusahau. Sinema: Wajerumani hutia sauti za Kijerumani karibu filamu zote. Tafuta herufi OmU kwenye ratiba, ni lugha ya asili na maandishi chini. Frankfurt ina tamasha la filamu za Kijapani, Nippon Connection, kila mwaka mwishoni mwa majira ya kuchipua. Düsseldorf ina Japan-Tag, kati ya Mei na Juni, na fataki juu ya mto Rhine usiku. Maua ya cherry ya Bonn hudumu siku kumi hivi mwezi wa Aprili, na tarehe hutegemea joto. Köln ina makumbusho ya sanaa za Asia Mashariki yaliyoanzishwa 1909, na taasisi ya Kijapani ya utamaduni tangu 1969. Berlin-Frohnau kuna nyumba ya Kibudha iliyojengwa 1924, Hannover kuna pagoda ya Wavietinamu, Viên Giác.

Lugha na mapishi: *Volkshochschule* (shule ya umma ya watu wazima) ya mji wako. Ada ni ndogo kuliko shule binafsi, usajili hufunguliwa kabla ya muhula wa Februari/Machi na wa Septemba.

Na kwa anayejiuliza kwa nini Hamburg, bandari kubwa hivyo, haina mtaa wa Wachina: ulikuwepo, Schmuckstraße, St. Pauli. Tarehe 13 Mei 1944 Gestapo (polisi wa siri wa Wanazi) iliwakamata Wachina 129, wengi wakapelekwa kambi ya kazi ngumu, baadhi walifia humo. Waliobaki hai wengi waliondoka nchini. Ukipita pale, simama kidogo.

#16 Kisimani

Hilo la Hamburg lilistahili kuandikwa. Asante sana mkuu.

#17 MgeniJena

Hekalu la Kihindu la Hamm linasifiwa sana. Asiye Mhindu anaruhusiwa? Aende lini?

#18 Idli_Stuttgart

Anaruhusiwa na anakaribishwa. Ni la Sri Kamadchi Ampal, Hamm-Uentrop, limefunguliwa 2002, mnara wa langoni una mita 17. Sherehe kubwa ni Mei au Juni na huchukua kama wiki mbili. Maandamano ya gari la mungu wa kike huwa Jumapili. Angalia tarehe kila mwaka, inafuata kalenda ya mwandamo wa mwezi. Nazi nyingi huvunjwa njiani, kuna waumini wanaojiviringisha chini na wanaobeba kavadi (upinde wa mapambo mabegani), kwa hiyo waachie nafasi na usiwapige picha karibu na uso bila kuomba. Siku hiyo usile nyama kabla ya kuingia. Funika mabega na magoti. Mabanda ya nje yanauza dosa, vada na mboga za Sri Lanka ambazo wiki nyingine ni vigumu kuzipata, basi nenda na begi tupu. Hekalu liko eneo la viwanda karibu na barabara kuu ya A2, na Jumapili mabasi ni machache, soma ratiba ya kurudi kabla hujatoka. Viatu vinavuliwa mlangoni pamoja na vya mamia ya watu wengine. Beba mfuko wa kuviwekea vyako.